Apareyi ya foto yenye imetumika: imepiga mara ngapi? Namna ya kujua mbele ya kutoa feza

Mu miji yetu ya mashariki, tangu Bunia mpaka Uvira, kijana mwenye anataka kuanza kazi ya kupiga picha haanzi mara nyingi na apareyi mupya. Bei yake inamushinda. Anatafuta yenye imekwisha kutumika: yenye imetoka Ulaya ndani ya kontena, yenye imepitia Dubai, Kampala ao Kigali, ao ya mupiga picha mwenzake mwenye anataka kubadilisha. Apareyi inapanguswa vizuri, inarudishwa ndani ya mufuko wake, na muuzishaji anasema neno lile lile la siku zote: «Haijatumika sana.»

Neno hilo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa uongo, na mara nyingi muuzishaji mwenyewe hajui, juu na yeye aliinunua kwa mwingine. Lakini apareyi yenyewe inajua. Ndani ya apareyi nyingi kuko hesabu yenye inaongezeka kila mara picha inapigwa, kama vile kilometraji ya moto. Mutu mwenye ananunua moto anaangalia kilometraji mbele ya kuuliza bei. Kwa apareyi ya foto, wengi wetu tunanunua na macho tu. Kisha miezi ine, apareyi inasimama katikati ya arusi, na feza ya likelemba imekwenda.

Hapa tunaeleza hesabu hiyo ni nini, namna ya kuisoma, na mambo yenye haiwezi kukuambia.

Ndani ya apareyi kuko pazia

Nyuma ya objektifu (wengine wanasema lensi), mbele ya kapta yenye inapokea mwangaza, kuko pazia mbili ndogo za vipande vyembamba sana. Wapiga picha wanaziita obtirateri. Ukibonyeza kitufe, pazia ya kwanza inafunguka, mwangaza unaingia, kisha pazia ya pili inafunga. Ukipiga kwa mwendo wa 1/4000 ya sekunde, pazia ya pili inaanza kufunga hata mbele ya ile ya kwanza kumaliza kufunguka. Mwangaza unapita ndani ya ufa mwembamba wenye unakimbia juu ya kapta.

Yote hayo ni kazi ya springi, gia ndogo na mota. Kila kitu chenye kinatembea kinachakaa. Siku moja kipande kimoja kinapinda, kinakatika ao kinakwama, na apareyi haipigi tena. Kwa hiyo kujua pazia imefanya kazi mara ngapi ni kujua sehemu moja ya umri wa apareyi. Mwaka wa kutengenezwa hautoshi. Apareyi ya miaka kumi yenye ilikaa mu kabati inaweza kuwa na pazia ya kijana, na ile ya miaka miwili ya mupiga picha wa michezo inaweza kuwa na pazia ya muzee. Canon 7D, kwa mufano, inaweza kupiga picha 8 kwa sekunde moja. Mwenye anapenda kukaza kidole anakula pazia yake haraka.

Hapa chini tutaita hesabu hiyo hesabu ya mapigo. Wengine wanasema kliki.

Kiwanda kinasema nini?

Kwa apareyi nyingi za wapiga picha wa kazi, kiwanda kinatangaza pazia ilijaribiwa mpaka mapigo mangapi. Hii ni mifano ya apareyi zenye zinajulikana:

- Mapigo 100,000: Canon 60D, 70D, 80D na 6D; Nikon D90.
- Mapigo 150,000: Canon 7D, 5D Mark II na 5D Mark III, Nikon D7000, D7100, D7200 na D750.
- Mapigo 200,000: Nikon D800, D810 na D850, Sony A7 III.
- Mapigo 400,000: Canon 1D X, Nikon D4 na D5.

Namba hizo haziko tarehe ya kufa. Ni kipimo cha majaribio ya kiwanda. Kuko pazia zenye zinavunjika mbele ya kufika nusu, na kuko zenye zinapita mara mbili ya hesabu na bado zinapiga. Zinakusaidia tu kupima hatari. Apareyi ya 100,000 yenye imepiga 12,000 na ile yenye imepiga 97,000 haziwezi kuwa na bei moja, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha.

Fanya hesabu kwa kazi yako wewe

Namba peke yake haisemi kitu kama hauilinganishi na kazi yenye unataka kufanya. Tuchukue mufano: apareyi ya mapigo 150,000 yenye imekwisha kupiga 90,000. Kwa kipimo cha kiwanda, inabaki 60,000.

Mupiga picha wa arusi anaweza kupiga picha 1,000 kwa sherehe moja: ku komini, kanisani, ku sale, na familia zote zenye zinaomba kusimama pembeni ya bibi arusi. Kama anapata arusi mbili kwa juma, hiyo ni picha 2,000. Zile 60,000 anazimaliza kwa majuma 30, yaani karibu miezi saba.

Mwenzake ana studio ndogo ya foto pasiporo. Anapokea watu 40 kwa siku na kila mutu anamupiga mara tatu. Hiyo ni mapigo 120 kwa siku. Zile 60,000 zitamubeba siku 500 za kazi. Kama anafanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni mwaka moja na miezi minane.

Mutu wa tatu anapiga tu watoto wake siku za sikukuu. Yeye hatazimaliza mapema.

Apareyi ni ile ile, namba ni ile ile, lakini kwa mumoja ni mutego, kwa mwingine ni biashara nzuri. Kwa hiyo mbele ya kwenda kununua, andika kwanza ku karatasi: kwa juma moja nitapiga picha ngapi?

Namba ya faili haiko hesabu ya mapigo

Hapa njo wengi wanadanganywa, tena mara nyingi bila nia mubaya. Muuzishaji anafungua picha ya mwisho, anaonyesha jina lake: DSC_2318 ao IMG_2318. Anasema: «Ona, haijafika hata elfu tatu.»

Jina la faili linahesabu kutoka 0001 mpaka 9999, kisha linarudi kuanza. Apareyi yenye imepiga mara 92,318 inaweza kuandika 2318. Tena, mwenye apareyi anaweza kurudisha hesabu ya faili ku sifuri ndani ya menyu, kwa sekunde chache. Na ukiingiza kadi yenye ina picha za apareyi ingine, namba inaweza kuruka na kufuata ile ya kadi. Kwa hiyo jina la faili halisemi kitu juu ya pazia. Usilikubali kama ushuhuda, hata kama muuzishaji ni mutu wa kanisa lenu.

Nikon, Pentax na Sony: picha yenyewe inabeba namba

Apareyi nyingi za Nikon na Pentax, na nyingi za Sony, zinaandika hesabu ya mapigo ndani ya kila picha. Hauioni ku galeri ya telefone. Kule utaona saa, mwendo wa pazia na ISO, basi. Inafichwa ndani ya habari zenye kiwanda kinaandika kwa ajili yake mwenyewe, na inaomba programu ya kuisoma.

Programu yenye inajulikana zaidi ni ExifTool, yenye ilitengenezwa na Phil Harvey. Ni ya bure, inafanya kazi ku Windows, Mac na Linux, na ukiisha kuipakua haiombi intaneti. Hilo ni jambo kubwa kwetu: unaweza kuiweka ku kle USB na kwenda nayo ku duka lolote lenye lina ordinatere, hata pale wanapotoa fotokopi.

Fanya hivi:

1. Ingiza kadi yako mwenyewe ndani ya apareyi, yenye haina kitu.
2. Chagua JPEG, kisha piga picha moja. Andika jina lako na tarehe ya leo ku karatasi, piga hiyo karatasi. Hivi unajua kwa hakika picha imetoka ndani ya apareyi hii, leo.
3. Kopia picha mu ordinatere. Usiifungue na programu ya kurekebisha picha, usiipunguze, usiibadilishe hata kidogo.
4. Ku Windows, kamata picha na panya, iburute, uiachilie juu ya alama ya exiftool(-k).exe. Dirisha nyeusi inafunguka na orodha murefu. Ukikopia programu ku kle USB, kopia pia folda yenye inakuja nayo, bila hiyo haifunguki.
5. Tafuta musitari wa «Shutter Count». Namba ya mbele yake njo hesabu ya mapigo. Angalia pia «Camera Model Name» na «Serial Number».

Mwenye anajua kuandika amri anaweza kuandika tu: exiftool -ShutterCount picha.jpg

Ku Fujifilm nyingi, musitari wa kutafuta unaitwa «Image Count». Kuko pia tovuti zenye zinasoma namba hiyo ukizipelekea picha. Zinasaidia kama hauna ordinatere, lakini picha inaenda kwa watu hauwajui. Piga ukuta ao karatasi tupu. Usitume uso wa mutu, wala nyumba yenu.

Picha ya WhatsApp inapoteza namba

Biashara nyingi zinaanzia ku WhatsApp. Muuzishaji iko Butembo, wewe uko Bukavu. Unamuomba picha moja ya kujaribu, anakutumia, unaiweka ndani ya programu, na hakuna namba. Usikimbilie kusema ni mwizi. WhatsApp inapunguza kila picha yenye inatumwa kwa njia ya kawaida, na kwa kuipunguza inafuta habari za ndani.

Mwambie afanye hivi: «Yaya, usinitumie kupitia galeri. Bonyeza ile alama ya kuambatanisha, chagua dokima, tafuta ile picha, unitumie kama dokima.» Hapo picha inafika nzima, na habari zake zote. Imeyli pia inaweza kuibeba nzima, kama imefungwa kama faili.

Muombe pia aandike jina lako na tarehe ku karatasi mbele ya kupiga. Muuzishaji wa kweli hatakasirika. Inamuchukua dakika mbili. Mwenye anakataa mara tatu, na kila mara iko na sababu ingine, amekwisha kukujibu.

Canon: inaomba kable

Canon ni ya watu wengi mu sherehe zetu, lakini ni yenye inasumbua. Refleksi nyingi za Canon haziandiki hesabu ya mapigo ndani ya picha. ExifTool haitakuonyesha musitari ule, na tovuti za kupelekea picha pia hazitakusaidia. Namba inakaa ndani ya apareyi, na inaomba kuisoma kwa kable ya USB.

Kuko programu ndogo za Windows na Mac kwa kazi hiyo, nyingine za bure, nyingine za malipo. Si kila programu inasoma kila Canon, kwa hiyo mbele ya kwenda hakikisha yako inasoma ile yenye unataka kununua. Ku Linux, programu ya bure yenye inaitwa gphoto2 inasoma Canon EOS nyingi kwa amri hii: gphoto2 --get-config /main/status/shuttercounter

Zile kubwa, kama 1D X, zinaonyesha hesabu ndani ya menyu yao, kwa maelfu.

Kwa hiyo, kama unaenda kuona Canon, usiende mikono mitupu. Beba kable. Canon nyingi za zamani zinatumia USB mini, yenye si ile ya telefone za leo, na muuzishaji mara nyingi amekwisha kuipoteza. Beba pia ordinatere yenye umeijaribu nyumbani, ao patana na fundi mwenye iko nayo. Batri ya apareyi ikuwe imejaa. Ikizimika katikati, utarudia kazi yote.

Apareyi za ibridi

Apareyi za leo zenye hazina kioo cha ndani, zenye tunaita ibridi, nyingi zina pazia kama zile zingine. Lakini nyingi zinaweza pia kupiga kimya, bila pazia kutembea, kwa njia ya elektroniki. Picha za namna hiyo hazichakazi pazia. Kwa hiyo hesabu ya picha na uchakavu wa pazia vinaweza kutofautiana. Kwa ibridi, uliza: «Ulikuwa unapiga kwa kimya ao kwa sauti?» Jibu litakusaidia kuelewa namba.

Mambo yenye hesabu haisemi

Hapa tunaomba musomaji atulie, juu njo moyo wa jambo. Namba ndogo inaweza kuwa kweli kabisa na apareyi ikawa imechoka.

Kwanza, video. Refleksi ikianza kupiga video, pazia inafunguka na kubaki wazi. Saa nzima ya video haiongezi hesabu kama saa nzima ya picha. Apareyi yenye ilipiga filme za arusi kila siku ya posho kwa miaka mitatu inaweza kuonyesha mapigo 9,000 tu. Lakini kapta imepashwa moto masaa na masaa, batri imechoka, na tundu za mikro na HDMI zimelegea. Kwa namna watu wanafanya kazi kwetu, picha na video ndani ya apareyi moja, swali la video ni la lazima.

Pili, vumbi na unyevu. Udongo wa Goma umetokana na lava za volkano, na vumbi yake ni kali: inakwaruza kioo na kuingia mu vitufe. Pembeni ya ziwa na mu misitu, adui ni unyevu: ukungu unaota ndani ya objektifu kama nyuzi za buibui, zaidi kama apareyi inafungiwa mu mufuko bila hewa. Hesabu ya mapigo haioni vumbi wala ukungu.

Tatu, kuanguka. Apareyi yenye ilianguka ku moto mara moja inaweza kuwa na mapigo 3,000 na objektifu yenye haishike sawa.

Ine, mikono ya fundi. Pazia ikibadilishwa, hesabu inaweza kubaki ya zamani hata kama pazia ni mupya. Ao, kama fundi alibadilisha kadi kubwa ya ndani, hesabu inaweza kuwa ya apareyi ingine. Kwa hiyo linganisha namba na mwili. Kama namba inasema 4,000 lakini kitufe cha kupiga kinangaa kwa kuguswa, mpira wa mukono umelegea, na chuma ya juu yenye inashika flashi imetoka rangi, kuko swali lenye halijajibiwa. Uliza: «Ilifunguliwa na fundi? Lini? Walibadilisha nini?»

Majaribio ya dakika kumi

Kama umesoma namba na imekupendeza, fanya pia haya mbele ya kutoa feza:

- Piga ukuta mweupe ao mbingu kwa mwendo wa juu kabisa, 1/4000 ao 1/8000, mara kumi. Angalia kila picha. Kama kuko utepe mweusi juu ao chini, ao upande moja ni giza kuliko mwingine, pazia inaanza kushindwa. Jaribio hili linashinda hata namba, juu linaonyesha pazia ya leo.
- Kaza kidole, piga picha nyingi mufululizo. Sikiliza. Sauti ikuwe moja, bila kukwama. Kwa Canon, «Err 20» ni ugonjwa wa mashine ya ndani, na «Err 30» ni ugonjwa wa pazia. Kwa Nikon, ukiona «Err» yenye inarudi tena na tena, weka apareyi chini.
- Funga tundu ya objektifu mpaka f/16, piga karatasi nyeupe ao mbingu. Vidoti vyeusi ni vumbi ku kapta. Vingine vinasafishika. Mikwaruzo haisafishiki.
- Funga objektifu na kifuniko, piga sekunde chache gizani. Vidoti vya rangi vyenye vinawaka ni sehemu za kapta zenye zimeharibika.
- Toa objektifu, iangalie ukiielekeza ku mwangaza. Nyuzi nyeupe za ndani ni ukungu.
- Fungua mulango wa kadi. Kama apareyi inatumia kadi kubwa za CF, angalia vile visumari vya ndani: kimoja kikipinda, kadi haisomeki.
- Piga video ya dakika kumi. Angalia kama inapata moto sana, ao inajizima yenyewe.
- Angalia batri. Kama imevimba ao inaingia kwa nguvu, hiyo si batri tena.

Namba ya seri na karatasi

Ukisoma picha na ExifTool, umeona pia namba ya seri. Ilinganishe na ile yenye imeandikwa chini ya apareyi. Zikikuwa sawa, vizuri. Kama hazifanane, ao kama karatasi ya chini imekwanguliwa, acha. Mu sehemu zetu vitu vingi vimeporwa, ku barabara na mu nyumba. Mutu anaweza kukukuta na apareyi yake mu sherehe, mbele ya watu, na wewe utaitwa mwizi kwa kitu chenye ulilipa.

Andika karatasi ya uuzisho, hata kama muuzishaji ni shemeji. Iandike jina la apareyi, namba ya seri, hesabu ya mapigo ya siku hiyo, bei, tarehe, majina ya pande zote mbili na namba za telefone. Kila mutu aonyeshe karte yake ya mupiga kura, na shahidi moja atie mukono. Kama mumepatana siku za kujaribu, tuseme juma moja, ziandike pia. Maneno ya mudomo yanaenda na upepo.

Kupatana bei na namba mukononi

Namba haiko ya kumuaibisha muuzishaji. Ni ya kuzungumuza bei. Mazungumuzo yanaweza kwenda hivi:

«Papa, apareyi ni nzuri, lakini imepiga elfu themanini na mbili, na kiwanda kinasema laki moja.»

«Lakini bado inapiga.»

«Ndiyo, inapiga. Ikikatika, fundi ataifungua yote, na nitatafuta pazia mbali. Unipunguzie ile sehemu, ao uongeze batri ya pili na chaja.»

Kubadilisha pazia kunawezekana, lakini si kazi ya kila fundi. Inaomba kufungua apareyi yote, na kipande chenyewe mara nyingi kinaagizwa mbali ao kinatolewa ndani ya apareyi ingine yenye imekufa. Kwa apareyi ndogo, kazi hiyo inaweza kugharimu karibu bei ya kununua ingine. Kwa hiyo uliza fundi bei ya pazia mbele ya kununua, si kisha. Ukiijua, unajua pia ni kiasi gani cha kuomba kupunguziwa kama namba imepanda.

Na kwa wewe mwenye unauzisha: soma namba yako mwenyewe, iandike ndani ya tangazo. Sema kama ulipiga video, sema kama fundi aliifungua. Apareyi yenye inauzishwa na namba yake wazi inapata mununuzi haraka, na mununuzi huyo harudi ku mulango wako na makelele.

Kwa wenye kununua, mambo ni matatu. Jina la faili si ushuhuda. Namba ya kweli inatoka ndani ya picha yenye haijaguswa ao ku kable, na apareyi iko mbele yako ao picha imetumwa kama dokima. Na ukiisha kuipata, ilinganishe na kipimo cha kiwanda, na kazi yako, na mwili wa apareyi. Kama muuzishaji anakuharakisha juu «kuko mwingine anakuja na feza saa kumi», mwachie huyo mwingine. Apareyi za kutumika haziishe sokoni, lakini feza ya mwaka muzima inaweza kuisha kwa siku moja.